Drahomíra na kikombe kilichoziba chemchemi

Saa kumi na moja alfajiri, Karlovy Vary, mji wa chemchemi za maji moto katika Jamhuri ya Cheki, bado umelala, na Drahomíra Šafářová amepiga magoti juu ya kipande cha godoro kuukuu, tindo mkono wa kushoto, nyundo mkono wa kulia. Anagonga taratibu kwenye mdomo wa bomba. Vipande vya jiwe la kahawia vinaruka, vingine vinamwingia kwenye mikono ya koti. Maji ya moto yanamtiririkia vidoleni na yeye hata hashtuki.

"Jana jioni nililiacha safi kabisa," anasema bila kugeuka. "Angalia sasa. Jiwe la mji huu halina adabu, halingoji hata watu waamke."

Hiyo ndiyo kazi yake. Maji yetu hutoka ardhini yakiwa yamebeba jiwe ndani yake, na yakishakutana na hewa hulitua popote: kwenye bomba, kwenye beseni, kwenye ngazi, kwenye viatu vya mtu anayependa kusimama sana. Usipogonga kila siku, bomba linafunga mdomo.

Drahomíra amegonga kwa miaka thelathini na moja kwenye chemchemi hiyohiyo moja, Anežka, ile ndogo iliyojibanza nyuma ya baraza la nguzo. Wageni wengi huipita wakidhani ni bomba la kunawia mikono. Hilo humuudhi mpaka leo.

Ana miaka hamsini na tisa, mabega mapana, goti moja la kuzaliwa nalo na jingine la chuma. Mshahara wake wa mwezi mzima unamlaza mgeni siku nne katika hoteli zinazomtazama kutoka ng'ambo ya mto. Yeye hasemi hivyo kwa uchungu. Anasema wale wanalipa ili waje wasimame mahali ambapo yeye analipwa kusimama.

Kufikia saa moja wageni wanaanza kuteremka na vikombe vyao vyenye mdomo kama wa birika dogo, wananyonya, wanatembea hatua mbili, wananyonya tena. Hapa kila mtu hutembea kama anayesindikiza bibi harusi. Ukimwona mtu ana haraka, jua huyo ni mwenyeji, anachelewa kazini. Maji ni ya wageni. Mwenyeji akikuambia anakwenda "chemchemi ya kumi na tatu", anakwenda baa, kunywa ile pombe chungu ya mitishamba.

"Kaka, hapo si pa kuoshea miwani," Drahomíra anamwambia bwana mmoja mwenye kofia ya majani. Bwana yule haelewi lugha lakini sauti anaielewa. Anarudisha miwani yake puani ikiwa na povu.

"Na wewe mama, usigugumie. Ukigugumia utatafuta choo mpaka Ijumaa."

Ndivyo alivyo. Wanamwogopa, na kesho yake wanarudi palepale kwake. Mimi nimeishi mji huu miaka mingi na nimeona wafalme wa mafuta, wacheza sinema na mabibi wenye mbwa wa kubeba, wote wakikunjiwa uso na mwanamke huyu na wote wakisema asante.

Lakini mwaka huu, kabla ya Mei, Anežka ilikaribia kufungwa, na aliyekaribia kuiua ni yeye mwenyewe.

Ili kisa kieleweke, lazima nimtaje mzee Reinhold Teubner wa Zwickau, ng'ambo ya mpaka. Mzee huyu alizaliwa hapa, mtaa wa nyuma ya chemchemi, mwaka 1944, wakati wenye mji walikuwa Wajerumani. Ndio waliokuwa na mabafu, ndio waliooka kaki, zile biskuti nyembamba za hapa, na bibi yake Teubner alikuwa miongoni mwa wanawake waliochota maji ya Anežka kwa kata za vijiti virefu na kuwajazia wageni vikombe. Vita vilipokwisha Wajerumani wakafukuzwa nchini, wakapakiwa kwenye treni, kila mtu na mzigo mmoja. Reinhold alikuwa na miaka miwili, kwenye mgongo wa mama yake.

Mwaka uliofuata wakaja kina Drahomíra. Babu na bibi yake walitoka Volyň, mbali mashariki, wakapewa nyumba ambayo sufuria ilikuwa bado jikoni. Bibi aliiosha sufuria ile, akaipikia miaka yote, na mpaka anakufa aliiita "sufuria ya wenyewe". Drahomíra anayo hadi leo. Bado wanaiita hivyo.

Wawili hawa walikutana mwaka wa kwanza wa Drahomíra kazini, alipochukua tindo kutoka kwa mama yake, Bi Bohdana. Aliona mwanamume wa makamo amesimama mbele ya bomba, haendi wala haji, machozi yanamtoka.

"Nikamwambia, bwana, kama ni tumbo, choo kiko kushoto," anakumbuka. "Akacheka mpaka akakaa chini. Akaniambia yeye ni nani. Nikaona aibu, nikamjazia kikombe mwenyewe. Tangu siku ile sijampumzisha."

Kila wiki ya kwanza ya Mei, Teubner huja. Amejifunza Kicheki kutoka kwenye kamusi, neno moja moja, na hukisema kana kwamba anasoma karatasi ya maelezo ya dawa. Hulalamika maji ni ya moto mno, halafu si ya moto vya kutosha, halafu yana chumvi kuliko mwaka jana. Drahomíra humjibu kwamba chemchemi ina umri wa dunia na yeye ana umri wa kunyamaza. Kwa miaka thelathini na moja huo ndio umekuwa urafiki wao.

Oktoba iliyopita mzee alikuja bila kutarajiwa. Alikuwa na kitu ndani ya soksi ya sufu. Akakitoa: kikombe cha kunywea maji, cheupe chenye maua ya buluu, mdomo wake umepasuka kidogo. Kilikuwa cha mama yake. Ndicho kitu pekee cha mji huu alichotoka nacho siku ile ya treni.

Akamwomba Drahomíra akifanye jiwe.

Mtu wa hapa haoni ajabu kwa ombi hilo. Waridi la karatasi, kiatu cha mtoto, chuma cha kwato ya farasi, tunavitundika kwenye maji ya chemchemi kwa wiki mbili hivi, na vinatoka vimevaa jiwe la kahawia, vigumu, vya kudumu. Maduka huuza mawaridi hayo kwa wageni. Lakini vya nyumbani huwa unamwomba mtu wa chemchemi unayemwamini, maana ni kazi ya kubembeleza: kila siku ukigeuze kitu chako, na siku ikifika ukitoe. Ukikisahau, jiwe haliachi kukua.

Drahomíra alikitundika mahali alipoonyeshwa na mama yake, chini ya mfuniko wa chuma nyuma ya beseni, pale maji yanapopanda kabla ya kuingia bombani. Hapo ndipo jiwe hushika haraka na sawasawa kuliko kote. Bi Bohdana hakumwonyesha mtu mwingine, na kusema kweli kanuni za ofisi haziruhusu. Pembeni ya kikombe alitundika mawaridi ya harusi ya binamu yake.

Siku chache baadaye hospitali ikampigia simu: nafasi ya goti imepatikana, njoo kesho. Jioni ile alitoa vitu vyake chini ya mfuniko kwa haraka, akavifunga kwenye sanduku, akaliweka juu ya kabati. Alilala hospitalini, kisha nyumbani, mguu juu ya mito, mpaka Februari. Aliyemshikia kazi aligonga bomba la juu kama inavyotakiwa. Mfuniko hakuufungua, kwa sababu hakuna anayeufungua wakati wa baridi.

Aliporudi, Anežka ilikuwa imedhoofika. Machi ikadhoofika zaidi. Aprili ilikuwa inatoa uzi tu. Mhandisi wa chemchemi, Otakar Vlasák, bosi wake wa siku nyingi, akasema yaliyokuwa kwenye vichwa vya wote: chemchemi ndogo huchoka, maji hujitafutia njia nyingine chini kwa chini, imeshatokea huko nyuma. Kama hadi sherehe ya kubariki chemchemi haijapata nguvu, atafunga bomba, na maji yaliyobaki yatapelekwa kwenye mabafu.

"Nilizunguka nayo kama na mgonjwa," anasema Drahomíra. "Nikaigonga, nikaisugua, nikaongea nayo. Chini ya mfuniko sikutazama, nilijua nimetoa kila kitu. Nililala nikiisikia. Miaka thelathini na moja, halafu inafia mikononi mwangu."

Wiki moja kabla ya sherehe, Teubner akapiga simu. Anakuja Jumamosi, na je, kikombe kilitoka vizuri?

"Kimetoka kizuri, mzee," akamwambia, na akapanda kiti kulishusha sanduku. Ndani kulikuwa na mawaridi ya binamu. Mawaridi tu.

Alikaa juu ya kile kiti, anasema, mpaka chai ikapoa. Halafu akavaa koti, akaenda, akaufungua mfuniko kwa mtaimbo.

Chini mle kulikuwa na donge la jiwe, kubwa kuliko mkate wa boflo, limekaa mlangoni mwa bomba kama limejengwa na fundi. Pembeni yake kilichungulia kipande cha mdomo wa kikombe, cheupe, chenye ua moja la buluu. Maji yalikuwa yanapita kwenye ufa usiozidi kidole.

Wa kwanza kumkuta pale ni Květa, muoka kaki wa kibanda cha pembeni, rafiki yake tangu shule ya msingi.

"Unalia nini sasa?"

"Silii. Ni mvuke."

"Mvuke umeanza lini kutoa kamasi?"

Drahomíra akamwonyesha. Květa akainama, akaangalia, akanyooka akiwa amejishika kiuno.

"Si afadhali," akasema. "Chemchemi haifi, ina kitu kooni tu. Lete nyundo, vunja, tupa mtoni. Mzee mwambie kimepotea. Ana miaka themanini na moja, vitu kupotea ameshazoea."

"Ndiyo maana siwezi," Drahomíra akamjibu. "Kwao vimepotea vya kutosha. Hiki si changu nikivunje peke yangu."

"Na Anežka ikifungwa?"

Akaufunga mfuniko, akavuka mto hadi ofisini kwa Vlasák, akamweleza kila kitu amesimama wima, goti likimuuma.

Vlasák ni mtu mpole. Siku hiyo hakuwa mpole.

"Drahuš," akasema, akilifupisha jina lake kama siku zote, "miaka thelathini na moja unawafokea watu wasitumbukize hata kidole. Halafu wewe unatumbukiza kikombe."

"Nilikitundika. Sikukitumbukiza."

"Toka hapa kabla sijakutundika wewe."

Hakutoka. Akamwomba asubiri hadi Jumamosi, mwenye mali aje aone kwa macho yake. Vlasák akamuuliza kama anajua kwamba Jumapili kasisi anapita kubariki, na chemchemi isiyotoa maji haipitiwi, na isiyopitiwa haitafunguliwa tena. Akasema anajua.

"Jumamosi saa sita napima," Vlasák akasema. "Yakitoka, yametoka. Yasipotoka, kufuli utalifunga wewe kwa mkono wako. Kuhusu kanuni tutaongea baadaye, na hutayapenda maongezi."

Jumamosi Teubner alishuka kwenye basi na binti yake, Birgit, ambaye hakutaka kabisa baba yake asafiri. Moyo wake una shida. Daktari alisema abaki nyumbani. Mzee alikuwa amekonda, fimbo mbili badala ya moja. Drahomíra alikuwa amekariri maneno ya Kijerumani usiku kucha. Alipomwona, yote yakamtoka.

"Mzee," akasema kwa Kicheki, "nimekiharibu kikombe cha mama yako."

"Kiko wapi?"

Akamwonyesha mfuniko. Teubner akasema hawezi kuinama, basi atalala. Birgit akapinga, baba yake akawa ameshaanza kushuka. Wakamtandikia kile kipande cha godoro, akalala kifudifudi, kichwa ndani ya shimo, binti amemshika miguu. Mvuke ukamfunika. Akatazama kwa muda mrefu mpaka Birgit akamwita mara mbili.

Alipotoka, uso ulikuwa umelowa wote, na hakuna aliyejua ni maji gani.

"Mama alipekuliwa mara tatu njiani," akasema, kwa Kicheki chake kilekile kibovu, naye Drahomíra kwa mara ya kwanza hakumsahihisha. "Akaacha saa, akaacha pete. Kikombe akakibana ndani ya soksi. Na unajua nini? Hakukinywea hata siku moja. Kilikaa kabatini Zwickau mpaka amekufa. Nikiwa mtoto nilikinywea maziwa, akanizaba kofi. Akasema, hiki ni cha maji ya kwetu."

Akapumua kidogo.

"Mimi nimekuja hapa miaka yote hii, na kila mara nimekiacha nyumbani. Nilinunua vikombe vya dukani. Nilikiogopa. Mwaka jana nikasema basi, kiwe jiwe, nisiwe na cha kuogopa." Akaelekeza fimbo kwenye shimo. "Sasa kimekaa hapo kinazuia maji ya kwetu. Mama angekuwepo leo angenizaba la pili. Lete nyundo."

Drahomíra akampa. Mzee akalala tena, akagonga mara moja, mara mbili. Donge halikujua kama limeguswa.

"Unavunja au unapiga hodi?" Drahomíra akamuuliza.

"Piga wewe. Mimi nimeanza."

Akapiga. Anasema ndiyo nyundo nzito kuliko zote alizowahi kuinua, na hiyo nyundo ni ileile ya kila siku. Pigo la tatu donge likapasuka, na kikombe nacho. Maji yakavuta pumzi, yakanguruma, na juu kwenye bomba ukatoka kwanza uji wa kahawia, kisha maziwa, kisha maji meupe yakisukumana na mvuke hadi yakamlowesha Květa aliyekuwa amesimama na sinia la kaki.

Vlasák akaweka chombo chake cha kupimia, akaangalia saa, akaandika, akalirudisha kufuli mfukoni, akaondoka. Barua ya onyo ilikuja Jumatatu. Drahomíra anasema alistahili kali zaidi ya ile, na mahali pa mama yake pale chini hapatatundikwa kitu tena.

Teubner alikunywa kwenye kikombe cha karatasi cha Květa. Akasema ni ya moto mno. Birgit, bila mtu kumwambia, aliokota kipande chenye ua la buluu, akakitia mfukoni.

Jumapili msafara ulipita: bendi, watoto na maua, Mfalme Karel, mwanzilishi wa mji, juu ya farasi (mwaka huu alikuwa fundi wa lifti, na farasi alimjua hivyo), na kasisi na ufagio wake wa maji ya baraka. Mbele ya Anežka walisimama. Drahomíra alikuwa amevaa gauni. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda cha Květa, kofia mkononi. Kasisi aliwarushia maji wote, na hapo, bila haya yoyote, nililia na mimi.

Birgit ameshasema waziwazi kwamba ile ilikuwa safari ya mwisho ya baba yake. Moyo hautaki tena. Mzee hakubisha, na kwa mtu kama yeye hilo ndilo lililomtisha Drahomíra.

Hapa mjini tunawacheka wageni wanaojaza maji haya kwenye chupa na kuyapeleka kwao. Yakipoa yamekwisha, hayaponyi kitu, yanabaki chumvi na kutu. Anayewacheka kuliko wote ni Drahomíra. Mwezi huu amenunua chupa kubwa ya chai, ya chuma, iliyomgharimu kuliko anavyotaka kusema, na ameomba likizo ya Oktoba. Hajawahi kulala nje ya nchi hii. Atajaza alfajiri, atapanda basi, kisha treni mpaka Zwickau, chupa ameifunga ndani ya sweta.

"Yatafika yamepoa nusu, yana ladha ya msumari," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anaweka nyundo chini. "Atakunywa funda moja, atakunja uso, ataanza kulalamika. Na mimi nataka niwe nimekaa palepale mbele yake, nimwambie mzee, nyamaza, maliza."